Kichocho: Konokono hazaliwi nacho, sisi ndio tunaompa



Sifa njema zote zinamstahiki Allah (s.w.), aliyefanya kila kilicho hai kitokane na maji. Katika safu yetu ya leo tutayazungumzia maji hayo hayo, lakini yale yaliyo karibu nasi zaidi: lambo la kunyweshea mifugo, majaruba ya mpunga, na madimbwi yanayobaki mtoni mvua zikikatika. Kwa mtu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega haya si mambo ya kusimuliwa. Ndimo mlimooga mkiwa wadogo, na ndimo watoto wenu wanamooga leo.

Maradhi tutakayoyaeleza ni kichocho. Wengi wetu tunayajua kwa jina na kwa ile damu inayotoka mwishoni mwa haja ndogo. Tusichokijua aghalabu ni njia yanayopita. Watu husema "maji ya lambo yana kichocho", kana kwamba kichocho huota majini kama magugu. Sivyo. Maji hayaumbi kichocho, wala konokono hazaliwi nacho. Kichocho huingia majini kikitoka kwa mtu, hupita kwa konokono, kisha humrudia mtu. Ukiuelewa mzunguko huu utajua pia ni wapi pa kuukata, na utaona kuwa pahala pepesi zaidi pa kuukata pamo mikononi mwetu wenyewe.

WAKAZI WA LAMBO

Sehemu kubwa ya mkoa wetu ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbugani unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata miguuni wakati wa masika. Udongo huu haunywi maji haraka. Mvua zikianza, aghalabu mwezi wa 10 au wa 11, kila bonde hugeuka dimbwi, na malambo yaliyochimbwa na wazee wetu hujaa.

Baada ya wiki chache lambo linakuwa kama mji. Jua likipiga maji, huota ule utando wa kijani juu ya mawe na matope, pamoja na majani ya majini. Ng'ombe wanaokuja kunywa huacha samadi, na samadi hiyo ni mbolea kwa utando na majani. Konokono hula utando huo, hula na majani yanayooza, na hutaga mayai yake chini ya majani. Konokono naye huliwa na wengine: bata, baadhi ya samaki, na yule korongo ambaye mdomo wake una uwazi katikati, aliyeumbwa hasa kwa kutoa konokono katika gamba. Katika mito na vinamasi vinavyoelekea Ziwa Victoria yupo pia kamongo, ambaye akikua konokono huwa sehemu kubwa ya chakula chake.

Kila kiumbe hapo kina kazi yake. Konokono naye ana faida, kwani husaidia kuozesha uchafu na ni chakula cha wengine. Katika Suratir-Rahman Allah (s.w.) anatukumbusha kuwa ameweka mizani, na anatutaka tusiivuruge. Tuliangalie basi lambo kwa jicho hilo, tuone mizani yake inavurugwa wapi.

SAFARI YA YAI

Mtu mwenye kichocho cha mkojo ana minyoo inayoishi ndani ya mishipa ya damu iliyozunguka kibofu. Mnyoo dume na jike huishi wameshikana, na jike hutaga mayai kila siku kwa miaka mingi. Yai lina ncha kali kama mwiba. Baadhi ya mayai hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, na hiyo ndiyo sababu ya damu. Mengine, yapata nusu yake, hunasa mwilini na kuleta madhara tutakayoyaeleza.

Yai likianguka kwenye udongo mkavu au katika shimo la choo, mambo yake yamekwisha, halina madhara tena. Likianguka katika maji baridi ya lambo, hupasuka na kutoa kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho. Kimelea hicho hakiwezi kumdhuru mtu. Kina saa chache tu, haifiki hata siku mbili, za kumtafuta konokono wa aina yake. Kisipompata hufa. Kikimpata humwingia mwilini na kuanza kuzaana humo.

Baada ya wiki kadhaa konokono huyo anaanza kutoa vimelea vya aina ya pili, vyenye mkia, ambavyo sasa vinamtafuta mtu. Kwa siku moja konokono mmoja anaweza kutoa mamia, hata maelfu, na akaendelea hivyo kwa wiki nyingi. Hesabu yake ni hiyo, ndugu msomaji: yai moja lililofanikiwa linaweza kugeuka maelfu ya vimelea. Mtoto mmoja aliyekojoa lamboni mara moja anaweza kuwa sababu ya kijiji kizima kuambukizwa.

Vimelea hivi havihitaji kumezwa. Hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu, wakati mtu anaoga, anafua, anapanda mpunga, anavua samaki, anapiga matofali au amesimama tu majini akichota. Visipompata mtu hufa ndani ya siku mbili.

Liangalieni na suala la saa. Vimelea hutoka kwa konokono jua likiwa kali, kuelekea adhuhuri na baada yake. Na mayai katika mkojo wa mgonjwa huwa mengi zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndiyo maana mnapokuja kupimwa huwa tunawaomba mkojo wa wakati huo. Sasa watoto wanaochunga huingia lamboni saa ngapi? Ni saa hizo hizo, joto linapozidi. Wanapokea na wanatoa kwa wakati mmoja.

ANAYELALA KIANGAZI

Baadhi ya watu huniuliza: lambo letu hukauka kabisa mwezi wa 8, konokono wote wanakufa, mbona kichocho kinarudi kila mwaka?

Jibu ni kwamba hawafi wote. Konokono wanaobeba kichocho cha mkojo katika malambo ya Usukuma ni wa jamii iitwayo Bulinus, na wamezoea nchi hii kuliko tunavyodhani. Maji yakipungua wao hujificha katika matope na nyufa, hujifunga ndani ya magamba yao na kulala kwa miezi kadhaa. Wengi hufa, lakini wanaobaki huamka mvua ya kwanza inaponyesha, hutaga, na baada ya wiki chache lambo limejaa tena. Baadhi yao hulala wakiwa tayari na vimelea ndani. Kwa hiyo lambo kukauka si kutakasika.

Kwa ndugu zetu wa Lamadi na vijiji vingine vya Busega vilivyo kando ya ziwa, liko jambo la kuongeza. Huko kipo kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka na haja kubwa na hubebwa na konokono wa aina nyingine anayeishi ziwani. Ziwa halikauki, hivyo hatari ipo mwaka mzima. Mzunguko ni ule ule: mtu, maji, konokono, kisha mtu tena.

MADHARA YAKE

Dalili ya kwanza inaweza kuwa muwasho na vipele baada ya kutoka majini, kisha homa wiki chache baadaye. Mara nyingi hayo hayatambuliwi. Baada ya miezi mkojo huanza kuja na damu na maumivu. Mtoto huchoka, damu humpungua, na masomo yanamshinda. Kichocho cha tumbo huleta kuhara damu na kuvimba ini na wengu. Kikiachwa miaka mingi, kichocho cha mkojo huharibu kibofu na figo, na kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Tangu mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limekiweka katika orodha ya visababishi vilivyothibitishwa.

Wako wanaosema mvulana kukojoa damu ni dalili ya kubalehe, na wengine husema amerogwa. Yote hayo si kweli. Ni maradhi, yanapimika na yanatibika.

Kwa akina mama liko jambo zito, na naomba akina baba walisome kwa makini. Yale mayai yanayonasa mwilini hunasa pia katika njia ya uzazi ya mwanamke na ya binti. Hapo huleta majeraha, uchafu, damu isiyo ya hedhi, maumivu katika tendo la ndoa, na wakati mwingine kukosa mtoto. Wataalamu wa afya duniani hukisia kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wana tatizo hili, wengi wao wakiwa katika Afrika. Tafiti zimelihusisha pia na kuambukizwa kwa urahisi zaidi virusi vya UKIMWI.

Ubaya ni kwamba dalili hizi zinafanana na za maradhi ya zinaa. Mke hupewa dawa za zinaa hazimsaidii, mume anaanza kumshuku, mama mkwe ananong'ona, na ndoa inatikisika. Binti ambaye hajaolewa huficha maumivu yake kwa kuogopa atakavyodhaniwa. Ilhali kosa lake ni kupanda mpunga na kuchota maji ya familia! Uislamu umekataza dhana mbaya na kuitia doa heshima ya mtu bila ushahidi. Mwanamke mwenye dalili hizi aliyekulia katika maji ya lambo au ya ziwa amwambie mganga waziwazi, "Nimeishi na maji haya", ili kichocho nacho kifikiriwe.

MIZANI IKIVURUGWA

Tusidhani kichocho ni kitu kipya. Mwaka 1910 mayai yake yalionekana katika miili ya Wamisri wa kale iliyohifadhiwa kwa miaka ipatayo elfu tatu. Mnyoo wenyewe uligunduliwa Cairo mwaka 1851 na tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, na mwaka 1915 ikathibitika huko huko Misri kuwa konokono ndiye kiungo. Lakini kichocho huongezeka pale mwanadamu anapobadilisha maji bila kufikiri.

Nchini Senegal lilijengwa bwawa la Diama, likakamilika mwaka 1986. Lilileta maji ya kilimo, lakini lilizuia kamba wa mtoni waliokuwa wakipanda kutoka baharini na kula konokono. Maji yakatulia, majani yakaota, na mwaka 1988 kichocho cha tumbo kikaonekana katika mji wa Richard-Toll, kisha kikaenea kwa kasi ya kutisha. Katika Ziwa Nyasa upande wa Malawi, watafiti walihusisha kuongezeka kwa kichocho na kupungua kwa samaki wanaokula konokono kutokana na uvuvi uliopita kiasi.

Hapa kwetu pamba na mpunga ndiyo maisha. Mbolea inayosombwa na mvua hadi majini hulisha majani, nayo majani hulisha konokono. Sumu za kuua wadudu zikifika majini zinaweza kuua wanaomla konokono kabla ya kumuua konokono mwenyewe. Kwa hiyo msioshee bomba za kupulizia dawa lamboni. Wala asitokee mtu wa kumwaga dawa ya pamba majini eti aue konokono. Atawaua samaki, atawadhuru mifugo na watu, na konokono watarudi. Ipo dawa maalumu ya konokono, lakini ni ya kutumiwa na wataalamu tu, kwani nayo huua samaki.

Habari njema pia imetoka Senegal. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa vijiji vilivyong'oa majani ya majini mahali watu wanapochotea maji vilipunguza konokono, na watoto waliotibiwa hawakuambukizwa tena kwa wingi kama wa vijiji vingine. Majani yenyewe yalifaa kwa mboji na chakula cha mifugo. Kazi hiyo inawezekana hata hapa, ila wanaoifanya wavae mabuti marefu na glavu.

ALIYOTUFUNDISHA MTUME (S.A.W.)

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka tutulie. Katika hadithi sahihi Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Katika hadithi nyingine ametahadharisha na mahali patatu ambapo kujisaidia huleta laana, na la kwanza ni mahali watu wanapoendea maji. Na katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, mwenye janaba amekatazwa kuoga ndani ya maji yaliyotuama. Abu Huraira (r.a.) alipoulizwa afanyeje basi, alijibu kuwa ayachote.

Muislamu hutii haya kwa kuwa ni amri, hata asipojua hekima yake. Lakini liangalieni lambo letu mwone yanavyokaa. Asiyekojoa majini hampi konokono maradhi. Anayechota badala ya kuingia ameacha vimelea vingi nyuma yake. Pande mbili za mzunguko zimekatwa, na hakuna aliyetoa senti.

Liko kosa linalofanywa na watu wema kabisa. Mtu hujisaidia kichakani, kisha kwa kupenda twahara anashuka mtoni au lamboni kustanji. Matone ya mwisho na yanayooshwa humo ndiyo yenye mayai. Amejitakasa na amewadhuru wengine. Stanji mbali na maji kwa kutumia kopo au birika, na maji yamwagike juu ya udongo mkavu. Vivyo hivyo udhu: usiingize miguu lamboni, chota kwanza. Suala la maji gani yanafaa kwa twahara waulizeni masheikh. Mimi nazungumzia usalama wa ngozi yako.

TUFANYE NINI?

Kwanza, choo. Kila nyumba iwe nacho na kitumike, pamoja na wachungaji na wanaolima mbali. Aliye porini akojoe kwenye udongo mkavu, mbali na maji na mahali ambapo mvua haitasombea majini.

Pili, maji ya nyumbani. Maji ya lambo yakikaa katika pipa au mtungi safi uliofunikwa kwa siku mbili kamili bila kuongezwa mengine, vimelea vya kichocho hufa. Yanafaa kwa kuogea na kuchukulia udhu. Mwenye haraka ayachemshe, kisha ayapoze. Ya kunywa yachemshwe kwa hali yoyote, kwa sababu kichocho si maradhi pekee ya maji.

Tatu, saa. Asiye na budi kuingia majini aende asubuhi mapema. Hatari hupungua, ila haiondoki. Mwenye mabuti ayavae majarubani.

Nne, dawa. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, ile inayogawiwa shuleni kwa kupima kimo cha mtoto. Wapo wazazi wanaowaficha watoto siku hiyo kwa kuwa mwaka uliopita mmoja alitapika au alipata kizunguzungu. Mara nyingi hayo huwapata waliomeza bila kula, au wenye minyoo mingi, na huisha baada ya saa chache. Mpe mwanao chakula kwanza. Siku ya ugawaji ikiangukia Ramadhani, zungumzeni mapema na walimu au mhudumu wa afya. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, palipo na kichocho kwa wingi, watibiwe watu wote kuanzia umri wa miaka 2, wakiwemo watu wazima na wajawazito waliovuka miezi mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo baba na mama nao waje zahanati.

Lakini jueni kuwa dawa huua minyoo iliyokomaa, haiui ile michanga, wala haimkingi mtu kesho. Aliyemeza leo akarudi lamboni keshokutwa ataambukizwa upya. Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Daktari, dawa yenu haifai, mwanangu kila mwaka anaugua." Nikamuuliza mtoto anaoga wapi. Akanyamaza, kisha akasema, "Pale pale."

MADRASA INAWEZA

Visiwani Unguja na Pemba kichocho cha mkojo kilikuwa maradhi ya watoto wengi kama ilivyo kwetu. Kuanzia mwaka 2012 ulifanyika mpango mkubwa wa kukiondoa. Watu walipewa dawa mara mbili kwa mwaka, na sehemu nyingine dawa ziliunganishwa na kuangamiza konokono au na elimu. Katika elimu hiyo walimu wa skuli na wa madrasa walishirikishwa, na zikajengwa sehemu za kukojolea na za kufulia ili watu wasiingie majini. Maambukizi yalishuka sana. Hayakuisha kabisa, na hapo tunapata somo: palipobaki wachache wanaokojoa majini, konokono waliendelea kupokea.

Nasi tunaweza kuanza na kidogo. Ustadh anapofundisha mlango wa twahara, akifika kwenye katazo la kukojoa katika maji yaliyotuama, aichore safari ya yai ubaoni. Mtoto wa miaka saba ataielewa, na atamkataza na mwenzake. Msikiti uwe na pipa la kuyakalisha maji ya udhu. Vijana wajenge choo karibu na lambo, wala kisiwe ukingoni mwake, ili mchungaji akose kisingizio. Jirani asiye Muislamu naye aambiwe, maana lambo ni letu sote na konokono hamuulizi mtu dini yake.

Mvua zikianza tena konokono wataamka. Hilo hatuwezi kulizuia. Watakapoamka watakuwa wakitafuta utando wa kijani tu, kama walivyoumbwa. Kama watapata na kichocho au hawatapata, hilo litategemea sisi tumekojoa wapi.

Allah (s.w.) atupe afya na atuwezeshe kuyafanyia kazi tuliyoyajua. Wabillahi tawfiq.